Mizani na Mpimwa: Uhakiki wa Lugha ya Marekebisho ya Mitihani kwa Wanafunzi Wenye Ulemavu wa Vyuo Vikuu, kwa Mifano ya Njombe na Makambako

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya Kiswahili inayotumika katika kupanga marekebisho ya mitihani kwa wanafunzi wenye ulemavu wa vyuo vikuu nchini Tanzania. Matini zinazohakikiwa ni za aina tatu: sheria na sera, maneno ya taratibu za mitihani, na methali zinazotajwa pale jambo hili linapojadiliwa. Mifano ya mahali imetolewa Njombe na Makambako. Dai kuu ni kwamba sheria ya nchi imekwishatoka katika matunzo na kuingia katika haki, lakini lugha ya chumba cha mtihani imebaki katika huruma. Pengo hilo si la maneno matupu. Linaamua nani anaomba, nani anatoa, kiasi gani kinatolewa, na hatimaye alama ipi mwanafunzi anapata. Makala yanahitimisha kwamba marekebisho ya mtihani hayaongezi chochote kwa mpimwa, bali yanasahihisha kipimo.

1.0 Utangulizi

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hupita Makambako, na hapo ndipo inapoachana na barabara iendayo Njombe na Songea. Madereva wa malori wanaijua Makambako kwa sababu nyingine pia, nayo ni mizani. Kila lori hupimwa. Lori lenye ekseli nyingi huruhusiwa kubeba uzito mkubwa kuliko lenye ekseli mbili, wala hakuna dereva anayelalamika kwamba mwenzake amependelewa. Wote wanafahamu kwamba kinacholindwa ni barabara, na kwamba kipimo kimoja kwa magari yasiyofanana kingekuwa ndicho dhuluma. Binadamu si lori, na mlinganisho huu una mipaka yake. Hata hivyo, unaonesha kwamba jamii inaelewa vyema tofauti iliyopo kati ya kupendelea na kupima kwa haki, pale neno huruma lisipoingizwa.

Kilomita zipatazo 60 kusini mwa Makambako upo mji wa Njombe, makao makuu ya mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa. Mambo mawili yanaufanya mji huu ufae kwa uhakiki huu. Kwanza, una shule ya viziwi yenye elimu ya sekondari, ijulikanayo kwa jina la Njombe Viziwi. Pili, una kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, ambacho wanafunzi wake hufanyia mitihani katika vituo vya mikoa. Kwa hiyo Njombe ni mahali ambapo kijana kiziwi anaweza kumaliza sekondari na, bila kuhama mkoa, kuingia katika chumba cha mtihani wa shahada. Swali ni lugha gani itakayompokea mlangoni.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu umeongozwa na mikabala miwili. Wa kwanza ni uchanganuzi hakiki wa usemi, hususani kama ulivyofafanuliwa na Norman Fairclough mwaka 1989, unaosisitiza kwamba lugha ya taasisi huficha uhusiano wa mamlaka ndani ya maneno yanayoonekana ya kawaida. Wa pili ni mtazamo wa kijamii wa ulemavu. Misingi yake iliwekwa na umoja wa watu wenye ulemavu wa Uingereza mwaka 1976, na Mike Oliver akaupa jina hilo mwaka 1983. Mtazamo huu unatofautisha hitilafu ya mwili na ulemavu. Hitilafu ni ya mtu, ilhali ulemavu hujengwa na mazingira yasiyomzingatia mtu huyo. Ngazi zisizo na njia ya kiti cha magurudumu humlemaza mtu kuliko miguu yake.

Mikabala hii miwili inakutana katika mtihani. Chumba cha mtihani ni mazingira, na kanuni zake zimeandikwa kwa lugha. Anayetaka kujua ulemavu unajengwaje mle ndani hana budi kuyasoma maneno hayo kama mhakiki asomavyo matini nyingine yoyote, kwa kuuliza ni nani mtenda, nani mtendwa, na nini kimenyamaziwa.

3.0 Kutoka Matunzo hadi Haki

Historia ya sheria za Tanzania katika jambo hili inasomeka kama safari ya msamiati. Mwaka 1982 zilitungwa sheria mbili, moja ya ajira kwa watu wenye ulemavu na nyingine ya matunzo yao. Neno matunzo lina picha yake. Atunzwaye ni mtoto, mgonjwa, mzee au mfugo. Mwaka 2004 ilitoka sera ya taifa ambayo katika jina lake la Kiswahili imebeba neno huduma. Hapo mtu mwenye ulemavu amekuwa mhudumiwa, hatua moja mbele ya mtunzwa, ingawa bado yuko upande wa kupokea.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006. Tanzania iliuridhia Novemba 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, iliyofuta zile mbili za 1982. Zanzibar ilikuwa imekwishatunga sheria yake mwaka 2006, na Kenya mwaka 2003. Katika Mkataba huo neno linalotawala ni haki. Ibara ya 24 inagusa elimu ya juu waziwazi, na inazitaka nchi wanachama kuhakikisha kwamba watu wenye ulemavu wanaifikia elimu hiyo sawa na wengine, na kwamba wanafanyiwa marekebisho stahiki.

Dhana hiyo ya marekebisho stahiki bado haijapata jina moja lililotulia katika Kiswahili, lakini maana yake katika Ibara ya 2 ni bayana. Ni mabadiliko ya lazima na yafaayo, yasiyoleta mzigo uliopita kiasi, yanayofanywa pale yanapohitajika kwa mtu mahususi, ili atumie haki zake sawa na wengine. Ibara hiyohiyo inakuhesabu kunyima marekebisho hayo kuwa ni ubaguzi. Ina maana kwamba chuo kinachokataa kumpa mwanafunzi asiyeona karatasi anayoweza kuisoma hakijakosa ukarimu tu, bali kimebagua. Hapa ndipo pengo linapoonekana, kwani ukarimu na ubaguzi ni maneno ya dunia mbili tofauti, na lugha ya mitihani bado inaishi katika ile ya kwanza.

4.0 Majina: Kiziwi, Asiyeona na Mahitaji Maalumu

Wahakiki wa lugha wamezoea kuonesha kwamba majina mengi ya kale ya ulemavu yamo katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Hoja yao ni kwamba ngeli hiyo, ambayo ni ya vitu na ya udogo, inamshusha mtu. Hoja hii ina ukweli, lakini haijitoshelezi. Kiongozi, kijana na kinyozi pia wamo katika umbo hilo, na hakuna anayeona kwamba wameshushwa. Aidha, upatanisho wa kisarufi hubaki wa viumbe hai, kwani husemwa kiziwi anasoma, si kiziwi kinasoma. Udhalili unatokana zaidi na matumizi kuliko kiambishi.

Wenye majina wenyewe wameamua kwa namna tofauti. Viziwi wa Tanzania wamelibakiza neno lao katika jina la chama chao, CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania. Wale ambao zamani waliitwa vipofu wamejiita wasioona, kama lilivyo jina la Chama cha Wasioona Tanzania. Shule ya Njombe nayo inabeba neno viziwi bila kificho. Uteuzi huu wa majina unastahili heshima kwa sababu umefanywa na wahusika.

Taratibu za mitihani, kwa upande wake, zimechagua jina la tatu: watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Jina hili ni la adabu, lakini adabu yake ina gharama. Msimamizi anayeambiwa kwamba chumbani mwake yumo mtahiniwa kiziwi anajua mara moja kwamba matangazo ya mdomo hayatamfikia. Ikigundulika kwamba swali la nne limechapwa vibaya na sahihisho likasomwa kwa sauti, mtahiniwa huyo atajibu swali lenye kosa. Msimamizi akitangaza kwamba zimebaki dakika kumi, mtahiniwa huyo ataendelea kuandika utangulizi. Tiba yake ni kipande cha chaki na ubao. Lakini msimamizi anayeambiwa tu kwamba ana mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu hajaambiwa afanye nini. Neno limemfunika mtu kwa staha hadi hitaji lake lisionekane.

Vilevile, neno maalumu linadokeza kwamba wengine hawana mahitaji. Dokezo hilo si la kweli. Mtahiniwa anayeona anahitaji taa. Chuo hulipia umeme ili yeye asome, na hakuna anayesema kwamba amesaidiwa. Katika chumba chenye watahiniwa wasioona peke yao, taa ingekuwa ndiyo hitaji maalumu la msimamizi.

5.0 Vitenzi: Kuomba na Kutendewa

Njia ya kawaida ya kupata marekebisho ni barua ya maombi. Mwanafunzi huandika kwamba anaomba kuongezewa muda, anaomba kusomewa maswali, anaomba kuandikiwa majibu. Kitenzi kuomba kina heshima yake katika Kiswahili, kwa kuwa mtu muungwana huomba hata kile anachomiliki. Lakini ndicho kitenzi kilichozaa neno ombaomba, na katika miji mingi picha ya ombaomba na picha ya mtu mwenye ulemavu zimewekwa pamoja kwa muda mrefu. Mwanafunzi anapolazimika kuomba kila muhula kile ambacho sheria imekwishampa, lugha inamrudisha mahali ambapo elimu ilikusudiwa kumwondoa.

Tazama pia umbo la vitenzi vinavyofuata. Kuongezewa, kusomewa na kuandikiwa vyote vina kiambishi cha kauli ya kutendea na kile cha kutendwa kwa pamoja. Katika umbo hilo mwanafunzi ndiye kiima cha sentensi, ilhali hatendi. Mtenda hatajwi. Nani ameongeza? Nani amesoma? Kwa mamlaka gani, na akikosea nani atawajibika? Sarufi imemweka mbele mpokeaji na kumficha mwenye wajibu. Sentensi ya haki ingegeuzwa: chuo kinaandaa karatasi ya nukta nundu, mkuu wa kituo anateua msaidizi wa kuandika, mwanafunzi anataarifu, anapokea na anathibitisha. Katika sentensi hizo kila kitenzi kina mwenyewe.

Tofauti ya kuomba na kutaarifu ina matokeo ya kiutendaji. Ombi huweza kukataliwa, kucheleweshwa au kusahauliwa bila anayelipokea kuulizwa. Taarifa huanzisha wajibu, na wajibu huwa na tarehe. Karatasi ya nukta nundu haipatikani asubuhi ya mtihani. Maswali hayana budi kunukuliwa na mtu aijuaye nukta nundu, yakahakikiwa, yakafungwa kwa siri kama karatasi nyingine, kisha yakasafirishwa. Kwa chuo ambacho makao yake makuu yako Dar es Salaam na mtahiniwa wake yuko Njombe, safari hiyo ni ya mamia ya kilomita. Iwapo barua ya ombi imelala mezani wiki mbili, hakuna huruma inayoweza kuziba pengo hilo siku ya mtihani. Kinachofuata ni mtu fulani kuketi kando ya mtahiniwa na kumsomea kwa kunong’ona, na jambo hilo litaitwa msaada.

6.0 Dakika Kumi kwa Saa

Marekebisho yanayofahamika zaidi nchini ni nyongeza ya muda. Katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania, watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika somo la Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa mtihani wa saa tatu, hiyo ni saa moja nzima katika Hisabati na nusu saa katika mengine. Vyuo vikuu hutunga na kuendesha mitihani yao wenyewe, lakini mwanafunzi anapofika chuoni huwa ameshaizoea kanuni hii, na ndiyo anayoitarajia.

Kanuni hii ina sifa moja kubwa, nayo ni kutohitaji majadiliano. Msimamizi wa Njombe na wa Dar es Salaam wataitumia vilevile, na mtahiniwa hahitaji kumlainisha yeyote. Mhakiki anayeibeza kanuni ya namba moja kwa wote asisahau kwamba palipo na uamuzi wa mtu ndipo upendeleo na uonevu hupata mlango.

Hata hivyo, kanuni hii inagongana na maneno ya Mkataba, yaani marekebisho kwa mtu mahususi. Dakika 10 kwa saa ni sehemu moja ya sita ya muda. Nchini Uingereza, nyongeza inayotolewa mara nyingi zaidi ni asilimia 25, yaani dakika 15 kwa saa, na huweza kuzidi kulingana na hali ya mtahiniwa. Asomaye nukta nundu kwa kawaida husoma polepole kuliko asomaye kwa macho, na hawezi kuupitia ukurasa kwa mtazamo mmoja ili kulipata tena swali alilokwishalisoma. Mwenye uoni hafifu aliyepewa maandishi yaliyokuzwa anaweza kuhitaji kidogo tu. Mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mkono wake hukakamaa, anaweza kuhitaji mapumziko kuliko dakika. Kiziwi anaweza asihitaji dakika hata moja bali mkalimani wa lugha ya alama wakati wa maelekezo. Namba moja imewatosha baadhi, ikawapunja wengine, na kuwapa wengine wasichokihitaji.

Inafaa pia kuuliza kwa nini Hisabati imepewa mara mbili. Jibu liko wazi: fomula na michoro ni vigumu kusoma na kuandika kwa nukta nundu. Maana yake ni kwamba kanuni yenyewe imekwishakiri kwamba muda unategemea kazi. Likishakubalika hilo kwa Hisabati, ni vigumu kulikataa kwa somo jingine lenye maandishi ya umbo maalumu, kama ushairi.

Usomaji unaopatanisha pande hizi mbili ni huu: dakika 10 zisomwe kuwa kianzio, si kikomo. Mtahiniwa apate hizo bila kuulizwa, na pale zinapothibitika kuwa hazitoshi, zaidi zitolewe kwa hoja na kwa maandishi.

7.0 Mahali: Baridi, Barabara na Kelele

Lugha ya taratibu za mitihani hufikiri kwa muda na karatasi. Mara chache hufikiri kwa mahali. Njombe iko kwenye nyanda za juu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai ni ya baridi kali. Mtahiniwa anayeona hujikunja ndani ya koti na kuendelea kusoma, maana macho hayafi ganzi. Asomaye nukta nundu husoma kwa ncha za vidole, na vidole vyenye baridi hupoteza uwezo wa kutambua nundu. Hawezi kuvaa glavu, kwa sababu glavu kwake ni sawa na kitambaa kilichofungwa machoni pa mwenzake. Chumba chenye joto si starehe kwake. Ni sehemu ya maandishi. Waraka ulioandikwa katika joto la pwani hauna sababu ya kulikumbuka hilo, ndiyo maana marekebisho yanayopangwa makao makuu pekee hayatoshi.

Mtahiniwa anayeishi Makambako na kufanyia mtihani Njombe mjini ana safari ya takriban kilomita 60. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, safari hiyo ni basi lenye ngazi, kondakta anayeuliza kiti kitalipiwa nauli au la, na kituo kilicho mbali na chumba cha mtihani. Dakika 30 za nyongeza hazimrudishii nguvu alizoziacha barabarani. Kupangiwa mtihani wa mchana badala ya asubuhi, au chumba cha chini badala ya ghorofa, ni marekebisho yasiyo na gharama. Yanahitaji tu mpangaji ratiba ajue kwamba mtu huyo yupo.

Kipo pia kitu kidogo kisichosemwa. Mashine ya Perkins, itumikayo kuandikia nukta nundu, hupiga kelele kila kitufe kinapobonyezwa. Ikiwekwa katika chumba cha wote, huwasumbua wengine, na mwenyewe huandika akiona aibu. Ndiyo sababu chumba cha peke yake huhitajika. Lakini chumba hicho kisiwe stoo isiyo na saa ukutani wala mwalimu wa somo anayepita kujibu maswali, kwa kuwa kutengwa kwa namna hiyo ni ulemavu mpya uliojengwa kwa nia njema.

8.0 Mtihani wa Ushairi: Nini Hasa Kinapimwa?

Jaribio gumu zaidi la hoja hizi linapatikana katika somo ambalo wasomaji wa tasnifu za Kiswahili wanalijua vizuri, yaani ushairi. Swali la kawaida humtaka mtahiniwa aeleze fani ya shairi la kimapokeo: beti, mishororo, vina na mizani. Vina ni sauti. Je, kiziwi aulizwe swali hilo?

Jibu la haraka, kwamba aondolewe swali hilo kwa kuwa hasikii, ni la huruma, na ni la makosa. Tahajia ya Kiswahili huandika silabi kwa uwazi. Mshororo wa mizani 16, yaani minane katika ukwapi na minane katika utao, huhesabika kwa macho, na kina cha kati na cha mwisho huonekana kwenye karatasi. Panapo ugumu ni kwenye konsonanti za puani. Herufi m katika mtu ni mizani peke yake, ilhali katika mbali si mizani. Anayesikia hulijua hilo kwa sikio, na asiyesikia hulijua kwa kanuni aliyofundishwa. Akifundishwa, atahesabu sawa na mwenzake. Kumwondolea swali ni kumnyima alama na kumnyima elimu kwa pamoja. Lakini swali likimtaka asikilize kanda ya mghani na kueleza mahadhi, hapo kinachopimwa si ujuzi wa fasihi tena, bali ni sikio. Swali hilo ndilo linalostahili kubadilishwa. Watafiti wa ushairi wa lugha za alama wameonesha kwamba kurudiwa kwa umbo la mkono hufanya kazi inayokaribiana na ya kina. Mtahini mwenye kulifahamu hilo anaweza kutunga swali lenye uzito uleule kwa njia nyingine.

Kwa asiyeona hali inageuka. Yeye hulisikia shairi vizuri pengine kuliko wote chumbani. Tatizo lake ni umbo. Mshororo wa mizani 16 una herufi zaidi ya 30 pamoja na nafasi zake, na mstari wa nukta nundu hubeba takriban alama 40 au pungufu. Mshororo mrefu hufurika hadi mstari wa pili, na ubeti wa mishororo minne hauguswi tena kama minne. Akiandikiwa majibu na msaidizi, swali jingine huzuka. Anapotaja ubeti kama mfano, nani anaweka mkato kati ya ukwapi na utao? Msaidizi asiyejua ushairi ataandika yote kama nathari, na msahihishaji ataona kwamba mtahiniwa hajui mishororo. Msaidizi ajuaye sana naye ataweka mkato ambao mtahiniwa hakuutaja. Katika hali zote mbili alama ni ya msaidizi. Kwa hiyo sifa za msaidizi ni sehemu ya mtihani: ajue kuandika somo hilo, asiwe mwalimu wake wala mshindani wake, na mtahiniwa awe amefanya naye mazoezi kabla ya siku yenyewe.

Kanuni inayojitokeza ni kwamba kabla ya kupanga marekebisho, mtahini hana budi kusema ni umahiri upi swali linapima, na ni nini katika swali hilo ni njia tu ya kuufikia. Njia hubadilishwa, umahiri haubadilishwi. Mtahini asiyeweza kutenganisha mawili hayo ana swali bovu hata kwa wanafunzi wasio na ulemavu.

9.0 Hoja ya Upendeleo na Ushahidi wa Methali

Pingamizi linalosikika mara nyingi ni kwamba marekebisho huwaonea wengine. Pingamizi hili lisidharauliwe, kwa sababu linatoka kwa wanafunzi ambao nao wamehangaikia ada na chakula. Lakini linasimama juu ya dhana kwamba muda wa saa tatu ulishuka kutoka mbinguni. Muda huo ulipangwa na mtu aliyemwazia mtahiniwa wa aina moja, aonaye, asikiaye, mwenye mikono miwili yenye nguvu. Aliyewaziwa ndiye aliyepewa marekebisho ya kwanza, kabla hajaomba.

Wapo pia wahofiao udanganyifu, kwamba msaidizi atajibu au kwamba ulemavu utaigizwa. Hofu hiyo hujibiwa kwa taratibu: kurekodi sauti ya mazungumzo ya chumbani, kumteua msaidizi asiye wa fani hiyohiyo kwa ngazi ya juu, na kuthibitisha hali ya mwanafunzi mara moja anapodahiliwa badala ya kumdai cheti kila muhula. Haijibiwi kwa kuwanyima wote kwa sababu ya mmoja.

Methali nazo huitwa kutoa ushahidi. Husemwa, mwenye macho haambiwi tazama, kana kwamba mwanafunzi mwerevu hahitaji kuandaliwa lolote. Husemwa zaidi, hujafa hujaumbika. Methali hii kwa kawaida hutamkwa kama onyo la huruma, yaani usimcheke mwenye ulemavu kwa kuwa huenda kesho ukawa wewe. Lakini ikisomwa kwa makini inasema zaidi ya hapo. Inasema kwamba umbo la binadamu halijakamilika mpaka mwisho, na kwamba ulemavu si wa kundi lililotengwa bali ni uwezekano wa kila mwili. Mwanafunzi wa chuo huria mwenye miaka 45, aliyeanza kusoma akiwa na macho mazima, anaweza kumaliza shahada akiwa na uoni hafifu. Kwa usomaji huo, methali haitetei sadaka. Inatetea utaratibu uliowekwa tayari kwa ajili ya yeyote.

10.0 Hitimisho

Makala haya yamehakiki lugha inayoyabeba marekebisho ya mitihani na kuonesha kwamba imebaki nyuma ya sheria. Jina la jumla limeficha hitaji mahususi. Kitenzi kuomba kimegeuza haki kuwa fadhila, na kauli ya kutendewa imemficha mwenye wajibu. Namba moja ya dakika, yenye faida zake, imesomwa kama kikomo. Mahali, pamoja na baridi na barabara zake, hapajaingia katika maandishi. Na katika somo la ushairi imedhihirika kwamba bila kujua kinachopimwa, huruma yenyewe inaweza kumnyima mwanafunzi alama aliyokuwa na uwezo wa kuipata.

Mabadiliko ya kwanza yanaweza kuanzia kwenye fomu. Pale palipoandikwa ombi la msaada, paandikwe taarifa ya marekebisho. Pale palipoandikwa mahitaji maalumu, pawe na nafasi ya kutaja ni nini hasa kifanyike, na nani, na lini, na katika chumba gani. Karatasi ya namna hiyo ikifika Njombe, mkuu wa kituo atajua kama anatafuta chaki, msaidizi wa kuandika au jiko la mkaa la kupashia chumba joto kabla ya saa mbili asubuhi.

Mizani ya barabarani haiaminiwi kwa sababu tu ni ya serikali. Vipimo nchini hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na kilichopotoka hurekebishwa kabla hakijampima mtu mwingine. Mtihani wa chuo kikuu ni kipimo kinachoamua maisha ya mtu kuliko mizani yoyote ya mazao au ya malori. Nao unastahili kukaguliwa vivyo hivyo, kabla mpimwa hajapanda juu yake.